Mtoto asigawanywe kwa hesabu ya ng'ombe



Hapa Kondele ndoa ikivunjika, swali la kwanza la wazee ni kama ng'ombe wa mahari walitolewa. Ikiwa walitolewa, mtoto huambiwa kwao ni kwa baba. Wasipotolewa, baba hufukuzwa mlangoni kama mgeni. Kisha huanza kinachoniumiza zaidi: mtoto anachukuliwa shuleni mchana, anapakiwa kwenye matatu ya Siaya au Homa Bay, na upande wa pili unapata habari jioni.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kimewapa baba na mama jukumu sawa, wawe walioana au la, na kimeweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hayo hayo.

Siwaombi wazee wanyamaze. Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanisho, na mzee anayezifahamu familia zote mbili anaweza kumaliza kwa siku moja ugomvi ambao ungekaa kortini miaka. Lakini mama aketi kikaoni na azungumze mwenyewe. Mtoto aliyepata akili asikilizwe. Halafu makubaliano yaandikwe: atalala wapi, karo italipwa na nani, likizo ya Desemba atakuwa kwa nani. Karatasi hiyo ifikishwe kwa afisa wa watoto na isajiliwe mahakamani, ili asiyeitii abanwe.

Machifu na wachungaji wetu, tangazeni haya barazani na kanisani kabla shule hazijafungwa.

Mama wa watoto watatu,
Kondele, Kisumu