Benki za Wageni Zilitukataa. Zetu Je?

Leo naongelea benki, na usipite haraka, hii ni ganji yako.

Hapa Nyacheki muulize mzee yeyote wa majani chai, atakwambia kuna enzi kufungua akaunti ilikuwa kama kuomba visa. Barua, mtu wa kukudhamini, halafu pesa ya kukaa tu mle ndani bila kuguswa. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, benki kubwa, Barclays ikiwemo, zilifunga matawi mashambani na kupandisha hicho kiwango. Kwa hesabu yao, mwenye kashamba kadogo si mteja.

Watu husema wageni hukandamiza benki zetu. Mimi naona walizisaidia bila kujua. Walipoacha watu, waliacha soko. Equity ilianza 1984 ikikopesha watu pesa za nyumba, na kufikia 1993 kihesabu ilikuwa imefilisika. Ikawaendea walewale waliokataliwa: mama mboga, wakulima, watu wa jua kali. 2004 ikawa benki kamili, 2006 ikaingia soko la hisa la Nairobi. Barclays nayo? Waingereza waliuza hisa zao za Afrika, na 2020 hapa Kenya jina likawa Absa.

Leo sisi ndio wageni kwa wenzetu. Equity ilinunua BCDC kule Kongo 2020, KCB ikanunua TMB 2022. Tunapiga makofi, "zetu zimeiva."

Sawa, zimeiva. Lakini zimeanza kufanana na wale waliotukataa.

Mimi niliacha chuo, hilo mnalijua. Mwaka jana niliingia benki moja, ya kwetu kabisa, kuomba mkopo wa kamera. Nilibeba rekodi za M-Pesa za mwaka mzima, pesa inaingia kila mwezi. Yule dada akaniuliza, "Payslip iko wapi?" Sina. "Basi rudi na mtu aliyeajiriwa." Nikatoka nikicheka, kumbe nina uchungu. Kilichoniuma ni kwamba akiba yetu sisi wadogo, benki hizi huichukua zikaikopesha serikali, kwa sababu serikali haiulizwi payslip.

Sasa sikiza. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2024 inataka kila benki iwe na mtaji wa msingi wa bilioni 10 kufikia 2029. Zamani ilikuwa bilioni 1. Benki ndogo zisizofikisha zitaungana au zitauzwa, na wanunuzi wa nje hawako mbali. Access Bank ya Nigeria ilishachukua National Bank kutoka kwa KCB 2025.

Najua kelele zitakuja: "wanauza nchi!" Mimi pasipoti ya mwenye benki hainisumbui. Nataka kujua atamkopesha nani. Benki Kuu ikiidhinisha mnunuzi, wa nje au wa hapa, imwambie waziwazi: onyesha utakavyokopesha mtu wa boda, fundi, na kijana asiye na payslip. Bila hilo tutabadilishiwa bango tu pale mlangoni.

Na benki zetu zikumbuke zilivyopanda. Ukimkataa mtu leo, kuna mwenye njaa anamngoja nje.

Wewe je, benki yako ishawahi kukwambia ndio? Niandikie hapo chini.