KASHA LA PIKIPIKI YA UMEME

Pikipiki na bajaji za umeme zimekwisha kuonekana katika njia za Dar es Salaam, na hapana shaka vijana wa Singida, Manyoni na Kiomboi nao wataziendesha kwa wingi. Sisi twazikaribisha. Petroli huja kwa meli na hulipiwa fedha za kigeni. Umeme twaufua wenyewe, na tangu mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limeanza kutoa nguvu yake. Lakini yafaa tuseme neno juu ya kasha dogo ambalo mafundi huliita kontrola. Mnunuzi huuliza habari za betri na mota; kasha haliulizi, nalo ndilo linaloamua chombo kitadumu au kitakufa mapema.

Umeme hauongezwi kama maji ya bomba. Betri ni ile ile, tuseme ya volti 72. Ndani ya kasha mna transista, yaani swichi zisizo na kitu cha kusogea, ambazo hufungua na kufunga njia ya umeme maelfu ya mara kwa kila sekunde. Zikifungua nusu ya wakati, mota huona kama volti 36, nayo huzunguka kwa karibu nusu ya mwendo wake. Dereva anapozungusha mkono wa usukani huwa anabadili kipimo hicho tu.

Mkondo ndio jambo zito. Mota izungukayo huzaa umeme wake yenyewe, unaokinzana na ule wa betri. Iliyosimama haina kinga hiyo. Chukueni mota ambayo ukinzani wa nyaya zake ni sehemu moja ya kumi ya omu. Ikiunganishwa moja kwa moja na volti 72 ingali imesimama, itavuta ampea 720 na kuungua. Kwa hiyo kasha hupima mkondo wakati wote, na kuuzuia usipite kikomo kilichowekwa, labda ampea 40 kutoka kwenye betri. Tena mkondo ukizidi mara mbili, joto la nyaya huzidi mara nne.

Sasa mfikirieni kijana apandaye mlima Sekenke kwa mishikaki, abiria wawili nyuma na mfuko wa vitunguu mbele. Mwendo ni mdogo, mkondo umefika kikomo, upepo wa kulipoza kasha ni haba. Kasha jema litapunguza nguvu lenyewe. Dereva atalitukana, na huko mjini atampata fundi wa kumwongezea nguvu: fundi huyo atatia risasi ya kulehemu juu ya kipande kile kinachopima mkondo, ili kasha lidhani umeme ni mdogo kuliko ulivyo. Pikipiki itaruka siku chache, kisha transista zitapasuka, na hesabu ya tajiri itadaiwa jioni kama kawaida.

Twamlaumu fundi wa namna hiyo, lakini si yeye peke yake. Wako wauzaji wanaofunga vipimo vya kasha kwa namba ya siri, hata mwenye chombo asijue kikomo chake ni ampea ngapi. Mfanya kazi aliyelipa jasho lake anageuzwa mpangaji juu ya mali yake mwenyewe! Hayo hatuyakubali.

Wala jambo hili si la pikipiki tu. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hupokea volti 25,000 kutoka waya wa juu, na mota zake hutawaliwa kwa kanuni hiyo hiyo. Reli yake imepangwa kupita Makutupora, wilayani Manyoni, kwenda Tabora. Je, mafundi wake watoke wapi?

Kwa hiyo twataka chuo cha VETA cha Singida kiliweke kasha hili juu ya meza ya mafunzo, likiwa limefunguliwa. Na kila muuzaji ampe mnunuzi karatasi ya Kiswahili inayoonyesha kikomo cha mkondo, volti ambazo kasha hukata umeme ili kuilinda betri, kazi ya kila waya, na bei ya transista za akiba.