Siki ya Viungo kwa Miezi ya Kipupwe

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe. Mwenyeji wa Bujonde, huko Kyela, anaijua vema. Nchi ile iko bondeni, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida ni ya joto. Lakini uvumapo upepo wa kusini kutoka Ziwa Nyasa, hata mkulima wa mpunga hutafuta shuka alfajiri. Apandaye basi kwenda Tukuyu ndiye hutetemeka hasa. Ndipo mafua huingia nyumbani, yakampata mmoja na kuwazungukia wote.

Juma hili tutengeneze siki ya viungo, ambayo humpasha mtu moto kifuani na kukichangamsha chakula. Vitu vyake vyote hupatikana sokoni.

Chukua nusu lita ya siki. Soma karatasi ya chupa: ukali wake uwe asilimia 5. Siki ya ndizi iliyochachushwa nyumbani ni tamu kwa kachumbari, lakini ukali wake haujulikani bila kupimwa, kwa hiyo usiitumie hapa. Tayarisha tangawizi gramu 100, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, kitunguu maji kimoja, pilipili kichaa tatu, mabua mawili ya mchaichai na maganda ya limau moja.

Osha vyote, kisha uvikaushe kabisa, kwa maana maji hupunguza ukali wa siki, na ukali huo ndio uzuiao vijidudu kuota. Katakata, tia katika chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, kisha mimina siki hadi ifunike kila kitu. Kifuniko kikiwa cha bati, tanguliza kipande cha nailoni, kwani siki hula chuma. Weka kabatini majuma matatu au manne, ukiitikisa kila siku. Halafu chuja, na ukipenda ongeza asali vijiko vinne.

Mtu mzima hunywa kijiko kimoja cha chakula ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu. Usiinywe kavu, huunguza koo na kudhuru meno. Mwenye vidonda vya tumbo aiache. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kamwe chochote chenye asali.

Sasa lililo kubwa. Siki hii ni kiburudisho, haiponyi ugonjwa. Homa ya mtoto isisubiri siki. Kyela ni nchi ya maji na mbu, na homa idhaniwayo kuwa ya baridi yaweza kuwa malaria, ambayo hujulikana kwa kupimwa damu, si kwa kukisia. Mtoto apumuaye kwa haraka, au ambaye kifua chake huingia ndani avutapo pumzi, apelekwe zahanati saa ile ile. Na kikohozi kilichotimiza majuma mawili kipimwe kifua kikuu, hata kama mwenyewe bado anakwenda kazini.

Mzazi mwema huweka chupa kabatini na nauli ya zahanati mfukoni. Naye ajua ni lini aache hiyo na kuishika hii.

Tukutane Jumapili ijayo.