Nani Kamfanya Jambazi Kuwa Stelingi?



Wiki chache zilizopita nilialikwa chakula cha usiku kwa rafiki yangu hapa Kampala. Baada ya kula ikawekwa sinema. Ilikuwa Scarface, ile ya mwaka 1983 ya Al Pacino. Rafiki yangu akasema ameirudia zaidi ya mara kumi, na kwamba sinema za siku hizi hazina ladha. Mwanawe wa miaka 13, ambaye ni mwanafunzi wangu wa madrasa, alikuwa ameketi mkekani akitangulia maneno kabla muigizaji hajafungua kinywa. Nikamuuliza, "Huyu bwana mwisho wake unakuwaje?" Kijana akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilokuwemo kwenye mtihani.

"Mwisho sijauona, ustadhi. Pale bafuni baba hupaharakisha, na mwisho huuzima. Anasema pana damu nyingi."

Ndugu zangu, usiku ule nilirudi nyumbani na mawazo. Baba yule ana nia njema, hataki mwanawe aone damu. Lakini hebu tazama alichokifanya. Amemwonyesha mtoto jumba, magari, nguo, na watu wanavyosimama jambazi akiingia. Kisha malipo ya vyote hivyo akayaficha. Amemkinga na damu, hakumkinga na tamaa. Na kati ya viwili hivyo, ni kipi kitakachomfuata kijana mpaka barabarani?

Nimeona niliandike jambo hili waziwazi, kwa sababu si nyumba moja. Ni nyumba nyingi, na wenyewe ni watu wazima wenye akili zao. Wala mimi nisijifanye malaika. Sinema hizi nimeziona, nyingine zaidi ya mara moja. The Godfather ya mwaka 1972 imetengenezwa kwa ustadi mkubwa na sitasema vinginevyo. Hoja yangu haiko kwenye ustadi.

ETI SINEMA ZENYEWE ZINAKEMEA UOVU

Watetezi wa sinema hizi wana jibu moja wanalolipenda. Wanasema: "Ustadhi, si unaona jambazi mwishoni anakufa? Sinema inafundisha kwamba uovu haulipi."

Jibu hilo ni la zamani kuliko babu zetu wengi. Mwaka 1931 ilipotoka The Public Enemy ya James Cagney, watengenezaji waliweka maneno mwanzoni kueleza kwamba hawakukusudia kumtukuza mhuni. Mwaka 1932 ilipotoka Scarface ya kwanza, wakaguzi waliisumbua sana. Ikatiwa maneno ya kulaani magenge, na ukatengenezwa mwisho mwingine ambamo jambazi anahukumiwa na kunyongwa. Kuanzia mwaka 1934 Hollywood ikaanza kuzisimamia kwa ukali kanuni zilizotaka mhalifu asiachwe aonekane ameshinda. Kanuni hizo zilidumu hadi mwaka 1968. Basi niulize: maonyo yote hayo yalimfanya nani amchukie Cagney? Watu walisahau maonyo wakamkumbuka Cagney, mwendo wake, kofia yake na ulimi wake.

Wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1938 Cagney huyohuyo aliigiza Angels with Dirty Faces. Humo yumo jambazi anayependwa na vijana wa mtaa, na yumo padri aliyekua naye tangu utotoni. Jambazi anapohukumiwa kifo, padri anamwendea na kumwomba jambo la ajabu: usife kishujaa. Lia, piga kelele, jifanye mwoga, ili vijana wale wakudharau. Kwanza anakataa. Lakini anapofikishwa kwenye kiti cha umeme, analia na kupiga mayowe, na vijana wanasoma gazetini kwamba shujaa wao kafa kama mwoga.

Mtunzi wa kisa hicho alifahamu jambo ambalo watetezi wetu wa leo hawataki kulifahamu. Kumuua jambazi mwishoni hakutoshi. Akifa kifua mbele, kifo kinamwongezea cheo. Na hata hila ile ya padri haikufua dafu kwetu sisi watazamaji, maana tunatoka tukisema, "Maskini, alijitoa mhanga kwa ajili ya vijana!" Hata uoga wake tumeugeuza ushujaa.

Tena hiyo hoja ya mwisho mbaya haiingii kabisa kwenye ile sinema inayopendwa kuliko zote. Mwishoni mwa The Godfather kijana wa familia hafi. Anabusiwa mkono, na mkewe anafungiwa mlango. Ukitaka kumwona amebaki peke yake itabidi usubiri sehemu ya pili ya mwaka 1974, na kufiwa na bintiye ni sehemu ya tatu ya mwaka 1990. Wangapi wetu huzirudia zote tatu mpaka mwisho?

MZIZI WA FITNA NI STELINGI

Kwa nini basi tunazirudia? Waliokulia vibandani wanajua jibu. Miaka ya 1990 tulikuwa tunalipa tunaingia kibandani, tunabanana kwenye mabenchi, na kabla picha haijaanza swali letu lilikuwa moja: stelingi ni nani? Ukishamjua stelingi huna tena kazi ya kufikiri. Anayempiga ni adui. Anayepigwa naye amestahili. Na stelingi hafi! Ikitokea amekufa, tulitoka tumenuna kana kwamba tumefiwa na ndugu.

Sinema ya jambazi imefanya jambo moja tu, lakini kubwa. Imemchukua yule ambaye angekuwa adui ikamkalisha kwenye kiti cha stelingi. Kamera inakaa ndani ya nyumba yake, si nje. Tunaiona harusi ya bintiye, tunamwona akicheza na mjukuu kwenye nyanya, tunakula naye. Familia, heshima kwa mzee, neno lisilorudi nyuma: hivi ni vitu tunavyovipenda sisi, na ni haki yetu kuvipenda. Kwa hiyo tunajiona tuko nyumbani. Wakati huohuo watu wanakufa pembeni, hawana majina, na sisi hatuwaulizi.

Na kurudia kunaongeza ubaya. Mara ya kwanza unaogopa, hujui nani atapigwa risasi. Mara ya tano hofu imekwisha, imebaki raha: suti, muziki, maneno ya kukariri. Anayerudia harudii somo, anarudia utamu. Kijana wangu wa madrasa hakukariri adhabu hata moja. Alikariri majigambo.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Katika sinema hizi tunaviona vinavyoelea, na fundi aliyeviunda hatumwoni. Fundi ni muuza duka anayetozwa kila mwezi ili duka lake lisichomwe moto.

WALIOACHWA NJE YA PICHA

Hebu nikupelekeni Sicily, Italia, kisiwa ambacho familia ile ya The Godfather inahadithiwa kuwa ilitoka huko. Katika mji wa Palermo alikuwako mwenye kiwanda cha nguo aitwaye Libero Grassi. Mafia walimtaka kodi yao, ile ambayo Wataliano huiita pizzo. Akakataa. Januari 1991 aliandika barua ya wazi gazetini, akamwandikia yule aliyekuwa akimdai, akamweleza kwamba hatalipa. Wengi wa wenye viwanda wenzake walimwacha peke yake, wengine walimwona mleta fujo. Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake, akafa.

Katika sinema tunazorudia, mtu kama Grassi angepewa nusu dakika. Angefunguliwa mlango, angesema hapana, angeanguka, na sisi tungeendelea kutafuna njugu. Lakini niambieni kwa haki: kati yake na aliyetumwa kumuua, nani mwanamume? Mmoja alikuwa na bunduki na kundi nyuma yake. Mwingine alikuwa na kalamu na jina lake kamili.

Katika mji huohuo, mtaa wa Brancaccio, alikuwako padri Pino Puglisi. Huyu hakuwa wa sinema. Alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa, akiwafundisha na kuwatafutia mahali pa kusoma na kucheza, ili wasichukuliwe na mafia. Tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56, aliuawa mlangoni pa nyumba yake. Dini yake si yangu. Lakini mimi ni mwalimu wa watoto, na kazi yake naijua. Magenge yalikuwa na fedha na silaha, na bado yalimwogopa mtu anayefundisha watoto jioni. Wazazi mnaochelewesha watoto madrasa kwa ajili ya sinema, litafakarini hilo.

Na msidhani majambazi wenyewe hawajui thamani ya picha. Mwaka 1971, The Godfather ilipokuwa inatengenezwa, jumuiya iliyoongozwa na Joseph Colombo, ambaye alikuwa mkuu wa moja ya familia tano za uhalifu za New York, ilidai neno "mafia" liondolewe kwenye mazungumzo ya sinema. Mtayarishaji akakubali. Na huko Casal di Principe, karibu na Napoli, mkubwa mmoja wa genge, Walter Schiavone, alijijengea jumba kwa mfano wa lile la Tony Montana katika Scarface, kama alivyoeleza mwandishi Roberto Saviano katika kitabu chake cha mwaka 2006. Sinema imemwiga jambazi, naye jambazi akarudi kuiga sinema! Schiavone aliishia kukamatwa na jumba likachukuliwa na dola. Saviano naye, kwa kuandika tu, amekuwa akiishi chini ya ulinzi wa polisi tangu mwaka huo. Halafu wewe unaniambia, "Ni picha tu, ustadhi."

TUFANYE NINI?

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni moja, kupiga marufuku. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Kijana ana simu. Ukiifunga sinema sebuleni ataifungua chini ya shuka, na huko hakuna wa kumuuliza swali. Tena ukikataza bila kueleza, umeipandisha bei.

Kwa watoto wadogo sina mjadala: sinema hizi si zao, kwa matusi yake na kwa damu yake. Kama huwezi kumwonyesha mtoto mwisho, basi usimwonyeshe mwanzo. Usimpe nusu ya asali ukaficha nyuki.

Kwa vijana wakubwa walioziona tayari, naomba mambo matatu.

Kwanza, kaeni nao mpaka mwisho. Tony Montana anaishia kuelea ndani ya maji ya jumba lake mwenyewe, baada ya kumpiga risasi rafiki yake na kumponza dada yake. Jumba lile alilolitamani Schiavone ndilo lililokuwa kaburi.

Pili, waulizeni juu ya wasio na majina. Nani amelipa harusi hii? Yule aliyeanguka mlangoni ana watoto wangapi? Duka lile kesho litafunguliwa na nani? Kijana akizoea kuuliza hivyo, stelingi anaanza kupungua kimo.

Tatu, wapeni stelingi mwingine, maana kijana hawezi kukaa bila stelingi. Sinema zipo. Mwaka 2000 Wataliano walitengeneza I cento passi, habari ya Peppino Impastato, kijana aliyezaliwa katika ukoo wa mafia, akafukuzwa na baba yake, akawa anawakejeli wakubwa wa mji wake kwa jina redioni mpaka walipomuua Mei 1978. Mwaka 2005 ikatoka Alla luce del sole, habari ya yule padri wa Brancaccio. Hizi nazo ni picha za mafia. Tofauti ni moja tu: kamera imehama, imekwenda kusimama upande wa aliyekataa.

Na kukataa kwenyewe hakukupotea bure. Mwaka 2004 vijana wa Palermo walibandika karatasi mitaani usiku, wakisema kwamba watu wanaokubali kulipa pizzo ni watu wasio na heshima. Kutokana na hao kikazaliwa chama kiitwacho Addiopizzo, na maduka yakaanza kutangaza waziwazi kwamba hayalipi. Barua ya Grassi ilipata wasomaji wake, ingawa baada ya miaka 13.

Rafiki yangu nimemsomea makala hii kabla ya kuileta kwenu. Alikasirika kidogo, kisha akaniuliza habari za yule mwenye kiwanda. Nikamwambia asiniulize mimi, akae na mwanawe waisome pamoja. Kijana ana kipaji cha kukariri, hilo limeshathibitika. Kilichobaki ni sisi kuamua tunampa maneno ya nani.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika malezi. Asiyekubaliana nami alete hoja yake, milango ya madrasa iko wazi baada ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.