JUA LA KILOMBERO NA MAJI YA MOTO

Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka bonde la Kilombero, na maji hayo ndiyo yazungushayo mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere tangu mwaka 2024. Hata hivyo, mwanamke aliyejifungua Ifakara mara nyingi angali akikandwa kwa maji yaliyochemshwa kwa kuni na mkaa, na misitu yetu ndiyo ilipayo gharama.

Sisi hatuoni sababu ya hali hiyo kuendelea ilhali jua lipo. Mtambo wa kupasha maji kwa jua si ule wa kutoa umeme wa jua. Huu ni sanduku jeusi lenye kioo na mabomba ndani, na tangi juu yake. Maji yapatayo moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi tangini. Ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Haudai pampu wala umeme. Wenye kutuuzia mitambo ya pampu na watuambie kwanza nani ataitengeneza ikiharibika kule Mlimba.

Siku za mawingu ya masika, wenye umeme huwasha koili iliyomo tangini. Hapo ndipo fedha hupotelea. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula yuniti 6 hivi za LUKU, na koili iliyosahauliwa usiku kucha humla mwenye nyumba faida yote ya jua.

Lakini linalotuudhi zaidi ni utunzaji. Baiskeli ya Ifakara hupakwa mafuta. Mbona tangi la bei kubwa huachwa paani kama yatima? Kioo kifutwe vumbi la kiangazi. Valvu ya usalama isizibwe kamwe, kwani mgandamizo uliokosa njia hupasua tangi. Na ndani ya tangi la chuma mna kijiti cha magnesiamu, kiliwacho na kutu ili tangi lisalimike. Kikiisha, kutu hulihamia tangi lenyewe. Wauzaji wangapi humweleza mnunuzi jambo hilo?

Tunawataka madiwani wa Chama waanze na wodi za wazazi. Kila mtambo ufungwe pamoja na kijiti cha akiba, na fundi wa hapo hapo aliyefundishwa kuukagua kila mwaka. Mkataba usiomtaja fundi huyo usitiwe sahihi.