Mtoto Asiyefanana na Baba: Rangi Si Ushahidi

Hapa kwetu Karambi, na ng'ambo ya Mpondwe pia, mtoto akizaliwa mweupe kuliko wazazi wake, wapo watakaoanza kuhesabu miezi. Akizaliwa na ualbino ndiyo kabisa: mama amezaa na mzungu! Maneno hayo huvunja nyumba.

Si jambo geni katika dini yetu. Katika Hadithi ya Abu Hurayra, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, bedui mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akiwa na shaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Akaulizwa habari za ngamia wake. Walikuwa wekundu, lakini wa kijivu pia wamo. Hao wametoka wapi? Bedui mwenyewe akaona huenda ni asili ya nyuma imewavuta, akajibiwa kuwa huenda na mtoto wake ni hivyo. Hakuruhusiwa kumkana.

Wanafunzi wetu wa sekondari husoma jambo hilo kwa lugha ya jeni. Rangi husimamiwa na jeni nyingi, ndiyo maana nyumba moja hutoa mweusi tii na maji ya kunde. Mwaka 2017 watafiti waliopima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana walionyesha kwamba aina nyingi za jeni za weupe, kama zile za weusi, zimekuwamo Afrika kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Weusi wetu nao una sababu. Ikweta inapita Kasese, na melanini huikinga ngozi na jua hili, ikilinda pia asidi ya foliki ambayo mimba huihitaji. Waliohamia kwenye jua haba, vizazi vyao vilikuwa vyeupe polepole, kwani ngozi nyeupe hutengeneza vitamini D kwa urahisi zaidi. Hayo huitwa mageuzi. Wapo wanaoshtuka kusikia neno hilo msikitini. Mjadala wa asili ya mwanadamu una mahali pake, ila katika habari ya rangi hatuoni cha kugombania.

Sasa ualbino. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni kwa baba na moja kwa mama. Baba mweusi na mama mweusi wanaweza kila mmoja kubeba nakala moja yenye kasoro bila kujua, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo baba anayemkana mtoto huyu anakana nakala ambayo kwa kawaida yeye mwenyewe ameitoa. Aliyezaa na mzungu kwa kawaida hupata chotara, si mtoto huyu.

Tunaomba wazee wanaosikiliza kesi za ndoa wasipokee sura ya mtoto kuwa ushahidi. Nao akina baba wamnunulie mtoto kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, maana saratani ya ngozi humnyemelea mapema, na wamwombe mwalimu amkalishe mbele, karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali.