Mwanga wa usiku tunao, usalama ndio hatuna

Kuanzia Septemba hadi Machi, watalii humiminika Tromsø, kaskazini mwa Norway, kutazama mwanga wa rangi unaocheza angani usiku. Anayechagua pa kwenda huuliza mambo matatu: Giza linatosha? Mawingu yatatawanyika? Nitarudi salama?

Sisi wa Goma tunao mwanga wetu: wekundu wa Nyiragongo. Na pale Lac Vert kuna ziwa la kijani lililozaliwa na volkeno. Mgeni angetaka nini zaidi?

Swali la tatu ndilo linalotushinda. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka wakaaji wakiwa hawajaonywa. Mei 2024 mabomu yakaua wakimbizi wa ndani katika kambi za Mugunga na Lac Vert.

Kwa maoni yangu, tusianze na matangazo ya utalii. Tuanze na amani, na vifaa vya kutosha kwa wataalamu wanaochunguza volkeno zetu. Siku mama wa Lac Vert atakapoutazama wekundu ule bila kufunga mizigo, mgeni atakuja bila kubembelezwa.